Mkaguzi Aje Saa 8 Mchana

Kufuli lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya shaba, la aina inayopatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi, na lilikuwa limefungwa kwa nje kwenye mlango wa chumba walimolala watoto 18. Siku hiyo nilikuwa nimepitia kwenye kituo cha kulelea watoto mapema kuliko kawaida kumchukua binti yangu, kwa kuwa alikuwa na miadi kliniki. Msaidizi aliyenipokea alinyoosha mkono kutaka kufungua, akakumbuka kwamba ufunguo uko kwa mwenzake, na mwenzake ametoka mara moja kununua vocha. Tulisimama pale kwa dakika 6, mimi, yeye na mama mpishi aliyekuwa akisugua sufuria ya uji, huku ndani mtoto mmoja akiwa ameamka na kuanza kulia. Madirisha ya chumba hicho yana nondo, kama yalivyo madirisha ya karibu kila nyumba ya mjini, kwa sababu ya wezi.

Mwenye kituo, mama mstaarabu ninayemheshimu mpaka leo, alinieleza bila kuficha kitu. Wapo watoto wanaoamka kabla ya wenzao na kutoka kimyakimya, na wiki chache nyuma mmoja alikutwa amekwishafika getini. Kufuli liliwekwa ili kumwepusha mtoto na barabara. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyonitia wasiwasi zaidi, kwani aliyeufunga mlango ule hakuwa mzembe. Alikuwa ameikimbia hatari aliyoiona akaingia katika nyingine ambayo hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Ofisini kwake, ukutani juu ya meza, cheti cha usajili kimetundikwa ndani ya fremu yenye kioo, na ni cheti halali. Hapa Tanzania vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ambavyo sote tunaviita dei kea, husajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1981 iliyohusu vituo hivyo peke yake, na mwenye mamlaka ya kutoa leseni ni Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Kabla ya leseni kutoka, watu huja kutazama vyoo, maji, jiko, vyumba, uzio na sifa za walezi. Sina shaka kwamba walifika pale pia. Nakisia tu kwamba siku waliyofika kufuli halikuwepo, au kama lilikuwepo lilikuwa linaning'inia wazi, kwa kuwa walikuja asubuhi na watoto walikuwa macho.

Upande wa pili wa jambo hili naujua pia. Dada yangu aliendesha kituo kwa miaka minne pembezoni mwa Dar es Salaam, na kila alipozungumzia ukaguzi ungedhani anazungumzia maandalizi ya harusi. Taarifa ilifika wiki moja kabla. Kuta zilipigwa rangi upya. Mtungi wake wa kuzimia moto ulikuwa umepitwa na muda, hivyo aliazima wa jirani mwenye duka la gesi akautundika kwenye msumari mpya. Wazazi saba au wanane waliombwa kwa upole wabaki na watoto wao nyumbani siku hiyo, ili idadi ya waliopo ilingane na idadi iliyoandikwa kwenye fomu. Walezi walivaa sare. Watoto waliimba wimbo wa kukaribisha wageni, wageni wakatabasamu, wakahesabu matundu ya vyoo, wakaandika, wakanywa soda, na kabla ya saa 6 walikuwa wameondoka. Jioni mtungi ulirudi kwa mwenyewe. Dada yangu si tapeli. Alifanya kile ambacho kila mwenye kituo aliyemtangulia alimwambia kuwa ndivyo kinavyofanywa, na wakaguzi nao, nadhani, walijua kuwa ndivyo kinavyofanywa.

Asubuhi, kituo chochote cha watoto kinapendeza. Watoto wamekuja wameoga, walezi wana nguvu, mwenye kituo yupo. Mambo hubadilika baada ya chakula cha mchana. Magodoro yanatandikwa, mapazia yanashushwa, na wafanyakazi nao wanapata nafasi ya kupumua: mmoja anafua vitambaa, mwingine anakula, wa tatu ametumwa dukani, na watoto 18 au 20 wanabaki chini ya uangalizi wa mtu mmoja, au chini ya uangalizi wa kufuli. Jiko la mkaa lililopikia maharage bado lina makaa, na siku ya mvua huingizwa ndani lisilowe, ambako hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu katika nyumba ambayo madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Kisha inafika saa ya kuchukuliwa, bodaboda, kaka mkubwa, jirani na shangazi wanajaa getini kwa wakati mmoja, na mtoto anakabidhiwa kwa yeyote anayelijua jina lake. Hizo ndizo saa za kukagua kituo, na kwa saa hizo mkaguzi ameshapanda gari zamani.

Kuna kituo kimoja ambacho habari zake nimezisoma mara nyingi kuliko inavyonifaa. Mjini Hermosillo, katika jimbo la Sonora nchini Meksiko, tarehe 5 Juni 2009, moto ulianza kwenye ghala la serikali lililopakana na kituo cha kulelea watoto kilichoitwa ABC. Kituo chenyewe kilikuwa ndani ya jengo la ghala lililogeuzwa matumizi. Ilikuwa alasiri na watoto wengi walikuwa wamelala. Mlango wa dharura haukufunguka, na mtu mmoja ililazimu aligongeshe gari lake ukutani ili kutoboa njia ya kuwatolea. Watoto 49 walikufa. Kituo kilikuwa chini ya taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, na viongozi wake walieleza kwamba kilikuwa kimefaulu ukaguzi wa usalama tarehe 26 Mei, yaani siku 10 kabla ya moto.

Siwezi kulifananisha kufuli la mtaani kwetu na msiba ule, na mwenye kituo chetu hastahili kufananishwa hivyo. Lakini siku 10 zile hazinitoki kichwani, kwa sababu zinaonyesha kwamba karatasi ya kufaulu na mlango usiofunguka vinaweza kukaa katika jengo moja bila kugombana. Sisi huku moto tunauzungumzia unapounguza bweni. Mwaka 2020 huko Kyerwa, mkoani Kagera, walikufa wanafunzi 10. Septemba 2024 huko Endarasha, katika kaunti ya Nyeri nchini Kenya, walikufa wavulana 21. Baada ya kila tukio tunauliza kuhusu mabweni, vitanda vilivyobanana na madirisha yenye nondo, na ni haki kuuliza. Mtoto wa miaka mitatu anayelala mchana kwenye chumba chenye nondo zilezile bado sijasikia akiulizwa habari zake.

Ninachokitaka ni kidogo. Ziara ya kutoa leseni na ibaki kama ilivyo, yenye barua na miadi, kwa sababu mwombaji anahitaji kujiandaa na mkaguzi anahitaji kumkuta. Baada ya hapo, angalau mara moja kwa mwaka, mtu aje bila taarifa, na aje saa 8 mchana. Marekani iliandika jambo hili katika sheria ya shirikisho ya mwaka 2014 inayohusu fedha za malezi ya watoto: kila kituo chenye leseni kinachopokea fedha hizo lazima kikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka bila kujulishwa, na matokeo yawekwe kwenye mtandao ambako mzazi yeyote atayasoma. England ni wapole zaidi, kwa maana Ofsted, taasisi yao ya ukaguzi, hupiga simu siku moja kabla ya ukaguzi wa kawaida, ingawa kukiwa na malalamiko inaweza kubisha hodi bila simu. Hata huko siku moja haitoshi kupaka rangi.

Najua kitakachosemwa kwanza, kwamba maafisa ustawi hawatoshi. Ni kweli. Afisa huyohuyo anatakiwa kusuluhisha ndoa, kufuatilia matunzo ya watoto waliotelekezwa, kwenda mahakamani, kuwahudumia wazee na watu wenye ulemavu, na mara nyingi hana hata usafiri. Hata hivyo ziara ya ghafla haihitaji afisa wa ziada. Inahitaji afisa yuleyule apangiwe saa nyingine, na akae nusu saa badala ya kushindishwa asubuhi nzima na nyimbo. Katika nusu saa hiyo ajaribu kila mlango kwa mkono wake mwenyewe, ahesabu vichwa na kuvilinganisha na daftari la mahudhurio la siku hiyo, aangalie tarehe kwenye mtungi, aulize ufunguo wa geti uko kwa nani, na amwombe mlezi mmoja amwonyeshe watakapowapeleka watoto moshi ukitokea jikoni. Mtoto wa mwaka mmoja hakimbii. Mlezi mmoja anaweza kubeba wawili, na kituo kinachopokea watoto wachanga 9 kinapaswa kuwa na jibu kuhusu wale 7 waliobaki.

Litakalosemwa la pili ni zito zaidi, na mimi mwenyewe nililisema kabla sijabadili mawazo. Mkaguzi anayekuja bila taarifa anaweza kuwa mkaguzi anayekuja kuomba chai. Mwenye kituo anayestushwa na kufuli lake likiwa limefungwa yuko tayari kulipa ili jambo liishie hapo, na wapo watakaozoea kupita saa 8 kila mara mfuko unapotoboka. Ndiyo maana ziara ya ghafla bila karatasi ya wazi ni hatari kuliko kutokuwa na ziara. Mkaguzi aandike alichokikuta kwa Kiswahili cha kawaida, nakala moja abaki nayo, nyingine iende halmashauri, na ya tatu ibandikwe getini, kwa nje, ambako mama anayemleta mtoto wake ataisoma bila kuomba ruhusa ya kuingia ofisini. Iwe na tarehe, kasoro zilizokutwa na siku zilizotolewa za kuzirekebisha. Cheti kilichomo ofisini kinaniambia kwamba mahali hapa palifaa siku fulani. Karatasi ya getini ingeniambia jinsi palivyokuwa Jumanne iliyopita, na ni vigumu kumnyamazisha mtu kwa bahasha wakati wazazi 40 wanaulizana kwa nini getini hakuna karatasi ya mwaka huu.

Vipo vituo visivyo na leseni kabisa, na huenda ndivyo vingi katika mitaa tunayoishi: chumba na sebule ya mama mmoja, mkeka, ndoo ya maji, watoto 15 wa mama ntilie, wafanyakazi wa viwandani na wauza mitumba. Kuvifunga ni rahisi, linatosha agizo moja la siku ya Jumatatu. Jumanne watoto hao watakuwa wamefungiwa chumbani na dada yao wa miaka 9, ambako hakuna mkaguzi atakayefika kamwe. Mama wa namna hiyo aanze kwa kutakiwa mambo matatu au manne yasiyohitaji fedha nyingi, yaani mlango unaofunguka, jiko nje, maji salama na daftari la majina, kisha apewe muda wa kufikia mengine. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeutaja ulinzi na usalama kuwa mojawapo ya mambo yake matano ya msingi, na kwa mtoto wa mama ntilie ulinzi huanzia kwenye mambo madogo kama hayo.

Jambo moja la kiofisi linanikera, nalo nilitaje kwa ufupi. Kituo cha binti yangu kina darasa la awali katika ua uleule. Dei kea iko chini ya wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii, darasa la awali liko chini ya Wizara ya Elimu, kwa hiyo wanakuja watu wawili tofauti kutazama nusu mbili za uwanja mmoja. Choo kinachotumiwa na watoto wote kiko katikati, kina shimo lililofunikwa kwa bati, na sijapata mtu wa kuniambia bati hilo ni la nani.

Kuhusu kufuli, mwenye kituo alinisikiliza. Fundi aliweka komeo juu kabisa ya mlango, ambako mkono wa mtoto haufiki na mtu mzima yeyote hulifungua bila ufunguo, na geti likapata kengele inayolia linaposukumwa. Gharama yote haikufika bei ya debe moja la rangi. Tangu hapo, nikipata nafasi, hupitia pale saa 8 bila kupiga simu, na wameshanizoea. Mara ya mwisho mlango ulikuwa sawa, komeo lilikuwa wazi, jiko lilikuwa nje. Ndani, katikati ya magodoro, mlezi alikuwa amelala usingizi mzito, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa mtoto mmoja. Anaamka saa 10 alfajiri ili awahi daladala mbili, na siku hiyo mwenzake alikuwa mgonjwa. Sikumwamsha. Nilivuta kigoda nikakaa mlangoni, nikaanza kuwahesabu watoto, walikuwa 21.