Ankole tunampima kwa mizani isiyo yake

Mnadani, mchuuzi akimtazama Ankole, ng'ombe wetu wa asili mwenye pembe ndefu, huanza na kasoro: pembe zinakula nafasi kwenye lori, mapaja membamba, mafuta hakuna. Kisha anashusha bei. Mfugaji anarudi nyumbani akiwaza kupandisha mitamba yake kwa dume la Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, naye awe na "ng'ombe wa kisasa".

Kwa maziwa sibishani, Ankole hutoa lita chache tu kwa siku. (Na simsemi inyambo, Ankole wa kifalme wa Nyanza kule Rwanda, anayeimbiwa na kuvishwa shanga, yule ana cheo chake.) Nasema nyama. Hesabu ya nyama inaanzia malishoni, na huko ng'ombe huyu wa Karagwe, Ankole na Burundi anaishi kwa nyasi kavu, anatembea mbali kufuata maji. Ndama wake huzaliwa mdogo, kwa hiyo mama huzaa mwenyewe porini wala huitwi usiku kuvuta miguu. Ankole huwavumilia kupe kuliko ng'ombe wa kigeni, ingawa asikudanganye mtu ukaacha josho: ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, huua ndama wa kienyeji pia. Hata pembe zinazolaumiwa zina kazi, maana damu inayopita ndani yake hupoa kwa upepo. Ondoa gharama ya mashudu na dawa, ndipo uniambie kilo ya nani ina faida.

Kukosa mafuta ndiko kulikotaka kuwamaliza ng'ombe wa pembe ndefu wa Texas. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, walitembezwa kwa miguu hadi stesheni za reli za Kansas. Baadaye soko likataka mnofu wenye mafuta, wakachanganywa na ng'ombe wa Kiingereza, Hereford na Shorthorn, hadi wakakaribia kutoweka. Mwaka 1927 serikali ikalazimika kukusanya waliobaki na kuwatunza katika milima ya Wichita, Oklahoma. Leo wapo wanaouza nyama yao kwa sifa ileile iliyowaponza.

Sipingi kuchanganya. Dume la Boran, ng'ombe wa nyama wa Afrika Mashariki, kwa jike la Ankole huleta ndama mwenye mwili, na huyo ndiye wa kupeleka sokoni. Ila jike wa asili abaki zizini, la sivyo mwakani utachanganya nini? Kwetu ada ya shule ikifika, anayefunguliwa kamba kwanza ni huyohuyo jike.