Aliyelipwa Naye Ana Haki ya Kuambiwa

Juma lililopita mtoto wa kaka yangu, anayesomea ufamasia hapa Dodoma, alikuja kunisalimu Ipagala akiwa na kazi ya darasani kuhusu BIA 10-2474, ile dawa ya majaribio iliyoleta msiba mjini Rennes, Ufaransa, mwaka 2016. Nilipomuuliza amejifunza nini, alinijibu kwa upole, "Shangazi, wale waliojitolea kuimeza walilipwa euro 1,900. Walijua wanachokifanya." Neno hilo limenikaa kooni hadi leo.

Walijua nini? Jumapili jioni, tarehe 10 Januari, mmoja wa wanaume sita waliokuwa wakimeza miligramu 50 kila siku aliugua baada ya dozi ya tano, akakimbizwa hospitalini. Asubuhi ya Jumatatu wenzake watano walipewa dozi ya sita bila kuelezwa yaliyomkuta mwenzao, ilhali kila mmoja wao alistahili kuamua upya kama anaendelea au anafungasha mizigo yake. Usiku mzima ulipita hapo katikati, na dakika tano tu za usiku huo zingetosha kwa mtu mmoja kuwaita na kusema, "Mwenzenu amelazwa, nasi hatujajua sababu." Mgonjwa yule alifariki tarehe 17. Watano wale nao walilazwa, japo mmoja wao hakuonyesha dalili yoyote. Ridhaa aliyoitoa mtu siku ya kwanza, akiwa mzima na wenzake wote wazima, haiwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa ya asubuhi ile.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba watafiti hawakuweza kuyaona yote. Dawa ile ilikusudiwa kuzuia kimeng'enya cha FAAH, yaani protini ya mwilini inayovunja anandamaidi, kemikali ya mwili inayosaidia kutuliza maumivu, na dawa nyingine za aina hiyo zilikuwa zimekwisha kutumiwa na watu bila madhara kama yale. Ni utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulioonyesha kwamba hii ilishika pia vimeng'enya vingine vya mwilini. Lakini kwamba mtu amelazwa, hilo lilijulikana Jumapili ileile.

Wala sipingi majaribio. Marehemu dada yangu aliishi na kifafa miaka mingi kwa fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1912, na kuna watu waliotangulia kuimeza ili yeye apate kulea wanawe. Hapa kwetu jaribio la dawa haliruhusiwi bila kibali cha TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba, nami nashukuru. Hata hivyo namfikiria mama wa Chamwino anayeelewa Chigogo kuliko Kiswahili, nani atakayemfuata nyumbani kumweleza kwamba mshiriki mwenzake ameanguka?

Nilimwomba kijana wetu aiandike upya kazi yake, aanzie asubuhi ile ya Jumatatu. Jana jioni alinipigia simu kuuliza dozi ya sita ilitolewa saa ngapi.