Macho mekundu ya bibi si ya kubuni
Eti hadithi ya upelelezi yenye wachawi hunoga kwa sababu kila kitu ndani yake ni cha kubuni? Hapo sikubaliani na mwandishi anayedai hivyo. Nimekulia Usukumani, na bibi mwenye macho mekundu sikumkuta kitabuni: alikuwa jirani yetu, macho yamemwiva kwa moshi wa kuni na mavi makavu ya ng'ombe, miaka nenda rudi. Watu wakanong'ona kuwa macho hayo ni ya mchawi. Vikongwe wa namna hiyo wameuawa kwa mapanga Shinyanga na Mwanza, na mara nyingine nyuma ya panga unakuta ugomvi wa shamba. Ungo wa kuruka usiku ndio wa kubuni, muuaji hapana. Nyie wenzangu mnaozisoma hadithi hizi, huwa mnamshuku nani kwanza, bibi au mrithi wa shamba?