Reli ya ukoo mmoja

Juzi nawahi kazini hapa Santa Maria, California, nikasimamishwa na treni inayokatiza barabara. Kichwa kimoja, mabehewa machache, mwendo wa mtu anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Nyuma yangu honi zinalia. Mimi nilizima gari nikaitazama mpaka behewa la mwisho.

Reli ile ilikuwa mali ya familia. Si serikali, si shirika kubwa. Haifiki kilomita 25, inatoka mjini hadi Guadalupe inakokutana na reli kuu. Ilijengwa 1911, mwaka uleule reli yetu ya Tanga ilipofika Moshi. Mwaka 1925 akainunua Kapteni G. Allan Hancock. Baba yake, mwanasheria, aliiachia familia shamba la Rancho La Brea kule Los Angeles. Likatoa mafuta, na utajiri huo ndio ukaja kushika reli iliyobeba viazi sukari vya kiwanda cha Betteravia na mboga za bonde hili.

Mwaka huohuo wa 1925 tetemeko la Santa Barbara likamuua mwanawe wa pekee wa kiume. Kwetu mali ingesambaratikia hapo. Hancock aliishi hadi 1965, na reli ikabaki kwa familia mpaka 2006. Miaka 81!

Najua nitakayoambiwa. "Miaka sita tu Marekani, umeshaanza kutudharau." Sidharau. Mimi ni wa Muheza. Babu yangu alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba, akasukuma vitoroli vya mkonge mpaka mgongo ukapinda, kisha akafyeka ekari kumi na mbili akapanda michungwa. Najivunia babu yule kuliko kapteni yeyote. Lakini alipofariki, arobaini haijafika, mnunuzi alishaletwa shambani. Hakuna mkoloni aliyetunyang'anya. Tuligombana wenyewe.

Mwingine atasema ardhi ile ya California ilikuwa ya wenyeji kabla haijawa ya akina Hancock. Kweli kabisa, na dhuluma hiyo siitetei. Mimi nazungumzia kurithishana tu. Mwingine atanikumbusha akina Karimjee, ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya India, walioanza biashara Zanzibar 1825 na wakawa na mashamba ya mkonge hukohuko Tanga. Hapo ndipo ninapoumia zaidi! Mfano tulikuwa nao mlangoni. Babu zetu waliwafanyia kazi familia za namna hiyo, wakaona baba anavyomketisha mtoto mezani amfundishe hesabu. Sisi tukasema ni mambo ya Wahindi, tukaendelea kuficha hati chini ya godoro mpaka siku ya msiba.

Mwaka 2019 treni za mizigo zilirudi kwenye reli yetu ya Tanga. Reli hiyo inapita karibu na ekari tatu zilizobaki za babu. Baba mdogo, ukisoma hapa, usimpokee yule mtu wa viwanja. Desemba nakuja, tukae na shangazi na watoto wote, tuandike majina.