Bamia Upande Wangu

Ijumaa iliyopita sinia liliteremka kutoka kidari cha meko, jiko la juu, kama kawaida: wali wa nazi, changu wa kupaka, bamia, na achari ya maembe pembeni. Tuliketi sita mkekani. Mwanangu, ambaye ana miaka mitatu na nusu, akatafuta pembe ya wali ambayo mchuzi haujafika, akaitenga kwa kidole, akawa anakula punje punje kama mtu achambuaye mchele. Changu hakumgusa. Na ni huyu huyu ambaye alipokuwa na miezi kumi alikuwa akinyonya vidole vyangu apate ladha ya kolekole iliyobaki.

"Mwana huyu ametiwa ito," akasema mavyaa, yaani jicho la husuda. Siku ya pili likaja kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na marashi kwenye sahani nyeupe, na nikamnywesha. Sina ugomvi na kombe. Ugomvi wangu ni na yale yaliyofuata: kila aingiaye nyumbani ananikumbusha kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Mmoja alinishauri nimshike pua. Mwingine aliniambia nimnyime kila kitu mpaka alie njaa.

Nakiri nilijaribu. Mwaka jana nilimtia mwanangu mchicha kinywani kwa nguvu, akautapika juu ya kanzu ya babake iliyotoka kupigwa pasi, dakika ishirini kabla ya swala. Mpaka leo akiona kitu cha kijani sahanini huinuka akaenda zake. Samaki nilimkunja kweli, lakini nilimkunja upande usiotakiwa.

Baadaye ndipo nilipokaa nikafikiri. Mtoto mchanga huongezeka uzito karibu mara tatu katika mwaka wake wa kwanza. Azaliwaye na kilo tatu hufika tisa hivi. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili au tatu tu. Basi tumbo lake halihitaji kujazwa kwa kasi ile ya zamani, na sisi bado tunampimia kwa macho ya mwaka jana. Juu ya hapo, tangu miaka miwili hivi hadi mitano au sita, watoto wengi huingiwa na woga wa chakula wasichokijua, na hata cha jana wanaweza kukikana leo. Ni umri ambao mtoto ameshajua kutembea na kuokota kila kitu, kwa hiyo woga huo huenda una kazi yake. Tena uchungu wanausikia kuliko sisi. Mnavu ambao mimi nausifu, kwake ni dawa.

Kosa letu kubwa, kwa maoni yangu, ni soda. Simaanishi soda yenyewe (ingawa hiyo nayo), namaanisha ile ahadi: "Maliza wali nikupe soda." Ukimwambia hivyo umeshamfunza kuwa wali ni adhabu na soda ndiyo sherehe. Mwaka 1984 Leann Birch na wenzake huko Marekani waliwapa watoto zawadi ili wanywe kinywaji fulani. Wakanywa, lakini baada ya hapo hamu yao ya kinywaji kile ikapungua badala ya kuongezeka. Nilipolisoma hilo niliona haya, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa siasa ya nyumba yangu kwa mwaka mzima.

Kuna na mambo yasiyohitaji utafiti. Mtoto akipita Usita wa Mui, njia kuu ya Lamu, saa tano na mjomba wake, atarudi na pakiti ya biskuti, mabuyu mekundu na viazi karai viwili. Akifika nyumbani anapewa kikombe cha chai ya maziwa. Saa saba tunashangaa mbona hali. Chai hasa ningependa tuiache mbali na chakula cha watoto: inamshibisha, na inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi na mboga.

Kwa hivyo naona kazi zigawanywe. Mimi niamue kipikwe nini, kije saa ngapi na kiliwe wapi. Yeye aamue kama atakula, na kiasi gani. Wakati Clara Davis, daktari wa Chicago, alipowaacha watoto 15 walioachishwa ziwa wajichagulie chakula, kuanzia miaka ya 1920, walikula ovyo kwa siku moja moja lakini wakakua vyema. Mmoja aliyekuwa na matege aliwekewa mafuta ya ini la samaki, akawa anayanywa apendavyo mpaka mifupa ikapona, kisha akayaacha. Lakini Davis mwenyewe alisema siri ilikuwa kwenye orodha: kila kilichowekwa mbele yao kilikuwa chakula cha maana. Hapakuwa na biskuti.

Mavyaa hakushawishika na Chicago. Kilichomnyamazisha ni kisa cha Mtume (s.a.w.) alipoletewa nyama ya mjusi wa jangwani. Aliondoa mkono wake. Alipoulizwa kama ni haramu alisema la, ila hakuwa amezoea kumuona katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Khalid bin Walid akamvuta akamla, na Mtume akitazama. Hakuna aliyemshika mtu pua.

Sinia lenyewe, kwa bahati, linatusaidia kuliko sahani ya peke yake ya plastiki yenye picha ya katuni. Sahani ile inampa mtoto mtihani wa mtu mmoja, na wote tunamkodolea macho. Kwenye sinia kila mtu ana upande wake, mikono inapita, samaki anamegwa, na yeye anaona dadake akila bamia bila kufa. Huenda akahitaji kukiona na kukigusa chakula mara kumi, kumi na tano, kabla hajakiamini. Wengi wetu hukata tamaa mara ya tatu.

Sitaki mtu asome hapa akadhani kila mtoto aachwe tu. Kama uzito unashuka kwenye kile kijitabu cha kliniki, kama anakabwa au kukohoa kila amezapo, kama vyakula anavyokubali vinazidi kupungua mpaka vimebaki viwili vitatu, mpeleke kwa daktari. Hapo si suala la kuchagua chakula tu.

Wangu anaongezeka, polepole. Ijumaa hii nilimwekea bamia moja upande wake nisiseme neno, na nikamkonyeza babake naye asiseme. Aliigusa, akanusa kidole. Akaitia kinywani, akaitafuna mara mbili, akaitoa na kuilaza upande wangu wa sinia, juu ya wali wangu.

Nikaila mimi.