Majani ya mstafeli: mtaalamu akisema "bado" hajadharau

Siku hizi hapa Dodoma ukipita kwa wauza dawa za asili utakuta majani makavu ya mstafeli kwenye vifuko, na maneno ni yaleyale, eti maabara wamepima yakaua saratani. Ukisema wataalamu wamesema bado haijathibitishwa kwamba yanamtibu mtu, unaambiwa wanalinda biashara ya vidonge.

Wauzaji hawajatunga lakini. Majani yakisagwa, yakalowekwa kwenye spiriti, yakachujwa, kinachobaki ukikidondoshea seli za saratani kwenye kisahani cha maabara zinakufa kweli. Na wana hoja, kiungo kikuu cha dawa mseto ya malaria kimetoka kwenye majani na mwanasayansi Tu Youyou wa China aliyekigundua akapewa Nobel 2015. Pia mtu wa Kondoa kufunga safari mpaka Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, sio mchezo, kikombe cha majani kiko jirani.

Ila huyohuyo Tu Youyou dawa ilimkubali alipoacha kutumia joto kali akaitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, yaani ukibadili namna ya kutoa dawa unapata kitu kingine. Maabara wameloweka kwenye spiriti, wewe unaambiwa kachemshe, sasa kilichopimwa ndo hicho unachokunywa?

Halafu kuua seli kwenye kisahani hata jiki inaua. Kisahani hakina ini, hakina figo, hakina ubongo, na hapo kwenye ubongo ndo pananisumbua mimi. Mstafeli una kitu kinaitwa anonasini, kinaziba sehemu seli inapotengenezea nguvu, seli ya saratani inakufa, lakini seli ya ubongo nayo inategemea sehemu hiyohiyo! Mwaka 1999 watafiti kisiwani Guadeloupe waliripoti kwenye jarida la Lancet wagonjwa wa kukakamaa na kutembea kwa shida, ugonjwa unafanana na Parkinson, ule wa ubongo unaoharibu mwendo, ila dawa za Parkinson hazikuwasaidia vizuri, na wengi walikuwa watumiaji wa matunda na chai ya majani ya jamii hii ya mstafeli. Haijathibitishwa kwamba ndio chanzo, sawa, ila ni kitu cha kumwambia mtu kabla hajanywa kila siku miezi sita, na muuzaji hakitaji.

Tiba asili ina sheria yake tangu 2002, hakuna anayeifukuza. Mtaalamu anauliza kipimo tu, maana huyu anakwambia majani saba, yule anasema konzi moja, na mgonjwa aliyeko kwenye dripu za saratani anapewa kikombe kilekile cha mtu mzima wa afya.