Picha za kurasa si kitabu pepe

Juzi nilipakua kitabu cha zamani kutoka maktaba moja ya kidijitali. Kilikuwa PDF ya kurasa zilizoskaniwa. Kwenye simu herufi zilikuwa kama sisimizi. Nilipozikuza, ikabidi kila mstari niusukume kushoto na kulia hadi uishe. Nikatafuta neno ambalo nilikuwa nikiliona kwa macho yangu mwanzoni mwa sura. Halikupatikana. Kwa simu, ukurasa ule ulikuwa picha tupu, hauna neno hata moja.

Kuskani namna hii ni kuhifadhi karatasi, na kuhifadhi ni jambo jema, ila tusikuite kutengeneza kitabu pepe. Kampuni ya Adobe ilitoa muundo wa faili uitwao PDF mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile popote unapofunguliwa. Kwa mchapishaji hiyo ni neema. Kwa msomaji wa simu ni mateso. EPUB, muundo wa faili za vitabu pepe uliopitishwa kuwa kiwango mwaka 2007, ilishika njia nyingine: maandishi hujipanga upya kulingana na kioo, na msomaji hukuza herufi apendavyo. Ukiifungua faili yenyewe utakuta ni faili ya zipu, yaani furushi la faili zilizobanwa pamoja, iliyobeba kurasa zilizoandikwa kama za tovuti, pamoja na faili moja inayotaja jina la kitabu, mwandishi, lugha na mfuatano wa sura.

Hapo kwenye lugha ndipo panaponiuma. Kitabu cha Kiswahili kinaweza kutoka kikiwa kimeandikishwa kuwa cha Kiingereza, kwa sababu tu programu iliweka Kiingereza na mtengenezaji hakubadilisha. Msomaji asiyeona akikifungua, kisoma skrini chake, yaani programu inayosoma maandishi kwa sauti, kinaweza kumsomea kwa matamshi ya Kiingereza. Hebu fikiria “ng’ombe” au “nyanya” likitamkwa hivyo, ukurasa baada ya ukurasa. Dawa yake ni kuandika “sw”, alama ya Kiswahili, mahali pa lugha. Herufi mbili!

Vichwa vya sura navyo vina kisa chao. Wengi hukoleza maandishi, wakayakuza, wakaridhika. Jicho litaona kichwa, lakini programu itaona aya nene tu, na anayetumia kisoma skrini hataweza kuruka kutoka sura hadi sura. Picha pia zinataka maelezo, na “picha ya 3” si maelezo. Kama ni ramani, sema mto unatoka wapi na unaishia wapi.

Kwa vitabu vya zamani, programu za kutambua herufi kwenye picha na kuzigeuza maandishi zinasaidia sana, mradi mtu akae baadaye asome mstari kwa mstari. Herufi “m” iliyofifia hugeuka “rn”, na “mtu” anakuwa “rntu”. Anayemtafuta mtu huyo hatampata kamwe, na kikagua tahajia kisichojua Kiswahili hakitaona tofauti.

Kile kitabu cha juzi nimekwama ukurasa wa 14. Ningependa sana kukimaliza.